Programu ya Maneno Matatu

Rafika alikuwa akiishi na baba yake, Mzee Bechir, katika fleti ya vyumba viwili mjini Gabès. Kila asubuhi alimwogesha, akamvalisha, kisha akamlisha mkate uliolowekwa katika mafuta ya zeituni. Zamani mzee alikuwa dereva wa treni, mtu wa maneno mengi. Kiharusi kikamchukulia ulimi na mkono wa kulia. Miezi saba sasa Rafika alikuwa akiuliza na kujijibu mwenyewe. Alipokosea, baba yake aligeukia ukuta.

Alikuwa ameacha kazi yake ya duka la dawa ili amuuguze. Mwanzoni marafiki walikuja, kisha wakapungua, kisha wakaacha kabisa. Kilichobaki ni masomo ya bure ya kutengeneza programu, aliyoyafuata kwenye kompyuta yake kuukuu. Hapo ndipo alipopata wazo. Baba alijua kusoma, na mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Angebonyeza namba moja kwenye kompyuta, kioo kiandike MAJI kwa herufi kubwa. Mbili, KAHAWA. Tatu, NAUMWA.

Akaandika mafaili mawili. La kwanza, mwanzo.c, lilisubiri kitufe kibonyezwe. La pili, maneno.c, lilionyesha neno. Faili la tatu, Makefile, lilikuwa na maagizo ya kuyajenga yawe programu moja. Akatoa amri ya make, inayoyafuata maagizo hayo. Kompyuta ikakataa: mstari wa nne, kitenganishi hakipo. Siku tatu aliutazama mstari ule, asione kasoro. Wala hakuwa na wa kumuuliza.

Jumapili mchana, Bi Dalenda wa ghorofa ya juu alikuja kurudisha sufuria ya kuskusi. Kabla ya kustaafu aliandika programu za kampuni ya maji. Akamkuta Rafika ameinamia meza.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Silii, mama. Nimechoka kuambiwa nimekosea nisijue wapi."

Bi Dalenda akavuta kiti. Akauliza maagizo yale ya Makefile yametoka wapi. Rafika akasema ameyanakili kutoka ukurasa wa somo.

"Ndiyo maana. Humu kila mstari wa amri lazima uanze na kitufe cha Tab. Ukinakili, mara nyingi Tab hugeuka nafasi tupu. Kwa macho yako ni kitu kimoja. Kwa make ni vitu viwili."

Rafika akafuta zile nafasi, akabonyeza Tab mara moja, akarudia amri. Kosa lile likaondoka, likaja jingine.

"Umeona? Mimi siwezi."

"Kosa jipya maana yake umesogea. Lisome. Linasemaje?"

Lilisema kwamba onyesha_neno, jina la ile kazi ya kuonyesha neno kwenye kioo, limeitwa lakini halipatikani.

"Lakini nimeliandika, mama. Limo kwenye maneno.c."

Bi Dalenda akamweleza taratibu. Kwanza kila faili hutafsiriwa peke yake, na jina la kipande kinachotoka huishia na herufi o. Kisha kiunganishi huvishona vipande pamoja. "Hakizunguki nyumba nzima kutafuta," akasema. "Hutazama ulichokipa tu. Umekipa nini?"

Rafika akatazama. Alikuwa amekipa mwanzo.o peke yake. Akaongeza maneno.o kwenye orodha ya vinavyohitajika na kwenye amri ya kuunganisha. Bi Dalenda akamwonya kwamba jina likikosewa hata herufi moja, kiunganishi kitalalamika vilevile. Rafika akatoa amri tena. Safari hii hapakuwa na kosa.

Wakaipeleka kompyuta mbele ya mzee. Rafika akamwonyesha vile vitufe. Mzee akavitazama kwa muda mrefu, kisha akabonyeza mbili. KAHAWA. Rafika akamletea.

Bi Dalenda alipokwisha kuondoka, mzee akabonyeza mbili tena. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Rafika akadhani programu imeharibika, lakini akaleta kikombe cha pili. Mzee akakisukuma kwa mkono wa kushoto, polepole, hadi mbele ya kiti kitupu kilichomwelekea.

Rafika akaketi. Wakanywa pamoja.