Skrini Safi ya Léonce

Jamaa zangu wa Kigali, mwaka 1991 nyumba ya Léonce kule Kabeza ilikuwa na raha yake. Jumapili baada ya misa walikula maharage na ndizi, mkewe Daphrose akimtania, mtoto wao Ganza akicheka tu. Léonce aliandikia kliniki moja ya Kiyovu programu ya kuonyesha habari za wagonjwa, na akajivuna nayo kupita kiasi.

Lakini kila alipoigeuza programu iwe lugha ya mashine, kompyuta ilimwaga malalamiko: "Tahadhari: kitu fulani kimejazwa lakini hakitumiki." Mengi yalikuwa ya bure kweli. Wakubwa wake kazini wakipita nyuma yake waliuliza mbona mashine inamlalamikia, na aibu ikamla. Basi akatunga kanuni ya kuchuja maneno: mstari wowote unaoanza na "Tahadhari" na kuishia na "hakitumiki", katikati pawe na chochote kile, ufutwe. Skrini ikawa safi, naye akaja kujisifu nyumbani.

"Na siku ikikuonya kweli, Baba Ganza?" Daphrose aliuliza.

"Wewe niachie kazi yangu!"

Haya, tazameni kiburi kilikomfikisha. Daphrose alishikwa na kifua, akaenda kliniki ileile. Muuguzi Swafiya alikuwa na sindano tayari.

"Dada, penisilini inanidhuru. Nilipokuwa msichana ilinivimbisha koo. Nilishaandikisha hapa hapa."

Swafiya akaangalia kompyuta. "Hapa haiko kitu, mama. Na hii si kazi ya bwana yako?"

Daphrose alisita, kisha akatabasamu. "Basi pengine ilikuwa dawa nyingine. Yeye hakosei." Akatoa mkono.

Masikini! Hakufika hata mlangoni. Koo liliziba, wakahangaika naye weee, wakamkosa.

Baada ya mazishi Léonce aliiondoa kanuni yake. Malalamiko yakamwagika, na katikati yake mstari mmoja: kisanduku cha dawa zinazomdhuru mgonjwa kimejazwa lakini hakitumiki. Kompyuta ilikuwa ikiyapokea majina ya dawa hizo, yeye akasahau kuiamuru iyaonyeshe. Ilimwambia tangu siku ya kwanza.

"Nimemfuta mke wangu mwenyewe!" alilia. Ganza akasimama pale akimtazama, asimsogelee.

MAFUNZO

Ndugu zangu, onyo likikukera, lisome kwanza ndipo ulitupe. Léonce akili alikuwa nazo, ila hakuvumilia kusoma kinachomwaibisha. Na wewe unayempenda mtu, usiukane mwili wako kwa kuwa mashine yake imenyamaza. Kabla hujatoa mkono, uliza ni nani aliyeifunga mdomo.