Ratiba ya Bwana Benassi

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, stesheni ya Portogruaro.

Fosca Zanier aliingiza ncha ya bomba la gundi kwenye mdomo wa mashine ya kugongea tiketi muhuri wa tarehe, akaminya.

Sekunde nne.

Mashine ilikoroma mara moja, ikanyamaza.

"Ya pili imekufa," alinong'ona. Ndani ya sikio lake la kulia kulikuwa na kidude cha mawasiliano kidogo kama punje ya dengu.

"Mtu wetu?" Sauti ya Kanali Nardin ilitoka Cervignano, vituo vitatu mbele.

"Yupo baa. Anakunywa kahawa kwa kusimama. Mlinzi wake, Ivo, ameshika begi."

"Treni?"

"Dakika kumi na tisa."

"Fosca, tukikosea leo, meli inang'oa nanga Trieste saa nane mchana."

"Najua, Kanali. Mimi ndiye niliyempangia asiikose."

Ndani ya begi lile la Samsonite la rangi ya fedha kulikuwa na macho kumi na mawili ya kuongozea makombora, kila moja halizidi kikombe cha chai. Wanunuzi walikuwa wanasubiri melini. Mwenye mzigo aliitwa Amedeo Scarpellini, umri miaka sitini na minane, mfanyabiashara wa vifo vya watu kwa miaka thelathini. Mara tatu polisi walikwenda kwake na hati ya upekuzi. Mara tatu walimkuta amevaa ndala, anakunywa supu, na kiti cha kamanda kimeshavutwa mezani. Kulikuwa na mtu Roma aliyesoma kila hati kabla wino haujakauka, akamtonya. Jizi lenye rafiki serikalini halikimbii, linakukaribisha chakula.

Lakini tuseme ukweli. Fosca hakuwa anamfuata kwa ajili ya makombora.

Alimfuata kwa ajili ya Duilio.

Duilio alikuwa kaka yake, karani wa manispaa katika mji mdogo wa milimani. Jumapili moja mchana, miaka sita iliyopita, alirudi ofisini kuchukua miwani aliyoisahau. Akakuta watu wanatoa sanduku la vitambulisho vitupu, mia nne, ambavyo havijaandikwa jina la mtu. Wakamwambia apige magoti. Akapiga. Risasi mbili za kisogoni.

Mmoja wa wezi wale alikuja kufia gerezani kwa ugonjwa wa ini. Kabla ya kukata roho alimwambia Fosca mambo mawili. La kwanza, bastola aliishika mzee Scarpellini mwenyewe. La pili, mzee alijiwekea kitambulisho kimoja kutoka lile sanduku, na ndicho anachotembea nacho.

Hapo ndipo Fosca alipouona mlango. Mtu akikutwa na kitambulisho cha wizi mkononi anakamatwa palepale. Hakuna hati, hakuna sahihi, hakuna wa kupenyeza habari. Kazi ilikuwa moja tu: nani atamfanya mzee yule akitoe mfukoni kwa hiari yake, mbele ya watu?

Kwa miezi minne Fosca alikaa katika duka dogo la mambo ya safari mjini Bologna, duka ambalo mzee alilitumia tangu zamani. Jina lake pale lilikuwa Marzia. Siku moja simu ikalia.

"Mimi naitwa Benassi, mstaafu," ilisema sauti nzito, ile ile ambayo Fosca aliijua kutoka kanda za polisi. "Nataka likizo ya treni. Sitaki kukimbizwa, binti. Safari moja isizidi saa mbili. Sipandi treni kabla ya saa nne asubuhi. Na pa kubadilisha nipewe dakika arobaini. Moyo wangu hautaki mbio."

"Basi twende taratibu, Bwana Benassi. Bologna siku tatu, upumzike. Halafu Ferrara, nusu saa tu. Siku mbili. Mji tambarare, hata bibi wa miaka tisini yuko juu ya baiskeli."

"Treni za kawaida, lakini. Na tiketi za karatasi. Simu mimi siziamini."

"Nani anaziamini?" Fosca alisema huku akiandika. Treni za kasi zinataka jina la abiria, na barabara kuu zina kamera. Mbweha alikuwa anachagua njia yake mwenyewe. "Kutoka Ferrara unabadilishia Mestre, dakika arobaini na tano, unapata na kahawa. Unalala Portogruaro siku mbili."

"Portogruaro? Kwa nini nisilale Venezia?"

"Venezia mwezi wa sita? Na begi? Na madaraja yale yote? Bwana Benassi, unataka kufa?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Na Trieste?"

"Kutoka Portogruaro ni saa moja na kitu, bila kubadilisha. Malazi je?"

"Ya kulala niachie mwenyewe. Nina marafiki." Hoteli zinauliza vitambulisho, na yeye alilijua hilo kuliko wenye hoteli. "Una akili, binti. Nani kakufundisha kazi?"

"Kaka yangu," Fosca alijibu.

Alipoweka simu chini, alikwenda chooni akanawa mikono kwa sabuni mara tatu.

Kwa wiki sita waliongea. Akae upande gani wa behewa asipigwe na jua. Ale wapi tambi za tagliatelle. Portogruaro kuna lifti au ngazi. Mzee akamzoea, akawa anamtania, hata siku moja akamtumia maua. Fosca aliyatia kwenye pipa la taka, akamshukuru kwa sauti tamu. Kila siku alimchukia zaidi, na kila siku akawa mvumilivu zaidi.

Portogruaro hakuichagua kwa ajili ya mto wala bata. Aliichagua kwa sababu stesheni ile ilikuwa na mashine mbili tu za kugongea tiketi, na tiketi isiyogongwa ni faini.

Saa nne na dakika ishirini na tano.

Scarpellini alitoka baa akijifuta masharubu. Akachomeka tiketi kwenye mashine ya kwanza. Kimya. Akaenda ya pili. Kimya.

"Nchi gani hii!" alifoka.

Kisha akafanya kile ambacho kila mtu wa nchi ile anakijua tangu shule. Akatoa kalamu, akaandika tarehe na saa kwenye tiketi, akatia sahihi. Ya Ivo vilevile. Sheria inaendelea kusema kwamba ukishapanda, mtafute mkaguzi wewe kabla yeye hajakutafuta. Hilo nalo kila mtu analijua, na kila mtu anakwenda kukaa.

Treni ikafika. Mzee akapanda, akakaa upande usio na jua.

Fosca aliketi safu mbili nyuma, miwani ya jua ya Persol usoni, bastola ya Beretta chini ya gazeti.

"Amekaa," alinong'ona.

"Na kama kitambulisho siyo chenyewe?"

"Basi atakunywa kahawa Trieste, Kanali, nami nitaacha kazi."

Mkaguzi aliingia walipoipita Latisana. Carmela Lo Presti, Msisilia wa miaka hamsini na ushee, miwani shingoni kwa mnyororo. Hakuwa mtu wa Fosca na hakujua lolote. Lakini Fosca alikuwa amepanda treni yake wiki tatu mfululizo, na aliwahi kumwona akimwandikia faini hata padri.

"Tiketi, tafadhali. Hii haijagongwa, bwana."

"Mashine mbovu. Zote mbili. Nimeandika kwa mkono, soma."

"Nimesoma. Ulipaswa kunitafuta."

"Nikutafute wapi? Mimi ni mbwa wa polisi?"

"Behewa la kwanza. Nipo pale kila siku, nimevaa sare, sijifichi. Ni faini ndogo bwana, bei ya pizza mbili. Lipa tuendelee na maisha."

Ivo alimwinamia. "Mjomba, lipa."

Mzee alisita. Akaangalia begi. Akaangalia saa. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na pochi.

Fosca alishusha gazeti. Akilipa, amepona. Miezi minne, miaka sita, yote kwa bei ya pizza mbili.

Upande wa pili wa njia alikaa bibi mmoja mwenye kikapu cha cheri. Alikuwa amefuatilia kila neno, kama ilivyo haki ya abiria yeyote. Sasa akaona ni zamu yake.

"Lipa tu, babu," alisema kwa huruma. "Uzee huo. Hata marehemu mume wangu mwishoni alikuwa anasahau kila kitu."

Behewa likacheka.

Masikio ya Scarpellini yakawa mekundu.

"Nimesahau nini?" alinguruma. "Nimesahau nini mimi? Mashine mbovu! Nimeandika! Niko sahihi!" Akairudisha pochi. "Silipi hata senti. Andika! Andika ripoti rasmi, nikutane na ninyi mahakamani!"

"Mjomba..."

"Nyamaza wewe!"

"Ripoti inataka kitambulisho, bwana," Carmela alisema, tayari ameshatoa kalamu.

"Chukua! Na usome namba kwa sauti, watu wote wasikie, usije ukanikosea hata tarakimu moja!"

Akampa.

Jamani, kiburi. Mtu alikwepa polisi wa nchi nne, akaja kujifunga mwenyewe kwa sababu bibi wa cheri alimwita mzee.

Carmela akavaa miwani. "Benassi, Gualtiero. Namba: A, V, tano, moja, tisa, sifuri, mbili..."

Fosca hakuhitaji zilizobaki. Namba zile mia nne alizijua jinsi watu wengine wanavyojua sala.

"Kanali. Ni kadi yetu."

"Wazuie hapohapo. Tuko tayari jukwaani."

Fosca akasimama. Ivo alimwona, mkono ukaruka kwenda chini ya koti. Akachelewa. Kiatu cha Fosca kikatua gotini kwake, bastola yake ya Glock ikaanguka sakafuni, na kabla Ivo hajajua alie au aiokote, mdomo wa Beretta ulikuwa nyuma ya sikio lake. Pingu ya kwanza. Bomba la kiti. Pingu ya pili.

"Polisi! Kila mtu akae. Mama, hicho kitambulisho usimrudishie."

"Simrudishii," Carmela alisema, akakibana kifuani. "Faini yenyewe hajalipa."

Scarpellini hakutingishika. Alimtazama mwanamke huyu kwa dharau ya mtu aliyezoea kutoka.

"Wewe ni nani?"

Fosca akaondoa miwani. Akatumia sauti tamu ya dukani.

"Habari za safari, Bwana Benassi? Mwendo haukukuchosha?"

Rangi ikamtoka mzee usoni, kidogo kidogo.

"Marzia?"

"Dada yake Duilio Zanier."

Mzee alikunja uso. Alitafuta, kweli alitafuta.

"Nani?"

Kwa hiyo hakumkumbuka. Miaka sita mama yao hajala Jumapili mezani, na huyu jina halijui. Hasira ilimpanda Fosca mpaka macho yakaona giza. Kidole kikaingia kwenye kifyatulio.

"Karani. Alirudi kuchukua miwani. Ulimwambia apige magoti."

"Aah." Mzee akakumbuka. Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la makusudi. "Yule. Basi piga, binti. Mbele ya watu wote hawa. Piga."

"Fosca," sikio likasema. "Ndicho anachotaka. Akifa na siri zake, mtu wa Roma amepona. Fosca, unanisikia?"

Alisikia. Alisikia pia moyo wake ukisema piga. Sekunde moja tu na kila kitu kingekwisha. Ila kwa nani? Kwa mzee kingekwisha bila maumivu. Duilio alipewa muda wa kupiga magoti na kuogopa. Huyu apewe bure?

"Hapana," alisema. "Ulisema hupendi haraka. Inuka."

Treni ikafunga breki Cervignano. Jukwaani watu sita walikuwa na bunduki, na Kanali Nardin mwenyewe alipokea begi. Akalifungua kidogo, akahesabu kwa macho, akalifunga. Mzee aliteremshwa ngazi taratibu, wakimshika viwiko, kwa sababu ya moyo wake. Bibi wa cheri alikuwa dirishani, anawasimulia waliokosa.

Fosca alitembea hadi mwisho wa jukwaa, akapiga simu nyumbani, Tolmezzo.

"Mama."

"Umempata?"

"Nimempata."

"Umemuua?"

"Hapana."

Fosca alisikia saa ya ukutani ya jikoni kwao.

"Kwa nini hukumuua?" mama aliuliza. "Mwanangu alipiga magoti, Fosca. Kwa nini?"

"Atafungwa maisha, mama. Chumba kidogo, peke yake. Nimesoma faili lake lote. Ana miaka sitini na minane, moyo wameshamtengenezea, na baba yake alifika miaka tisini na saba."

Mama alikuwa anapiga hesabu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Fosca akamsikia akicheka.

"Basi Mungu ampe afya njema," mama akasema.

"Amina."

Watu husema kisasi hakishibishi. Fosca alikuwa ameshiba. Akakata simu, akavaa miwani yake, akaenda baa ya stesheni kuagiza kahawa.