Wimbi la Sabini na Tatu

Ngui aliahidi kufika kabla ya adhana ya magharibi, na alifika. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1972, kwenye bucha la Taib huko River Road. Nyama ya harusi ya Salme, bintiye Taib, ilikuwa imetundikwa katika chumba cha baridi tangu asubuhi, na tayari ilikuwa inanuka.

"Kesho nina wageni mia nne, fundi," Taib alisema. "Ikiharibika nitauficha wapi uso?"

"Tulia, mzee. Hiyo ni mota ya mashine ya baridi tu."

Ngui aliweka kipima mawimbi, chenye betri zake, juu ya gogo la kukatia nyama, akabana vibanio vyake kwenye nyaya za mota. Umeme wa Nairobi hupiga mara hamsini kwa sekunde. Mota mbovu huongeza mawimbi mengine, lakini nayo huja kwa mafungu ya hamsini: mia, mia na hamsini, na kuendelea. Alizungusha kitufe polepole. Sindano ililala... kisha ikainuka kwenye sabini na tatu.

Hapo hapakupaswa kuwa na kitu.

Akazima mota. Wimbi likabaki. Akazima swichi kuu, nyumba nzima ikawa giza.

Wimbi likapanda.

Harufu nayo ikapanda. Tamu, kama ya kidonda kilichofungwa siku nyingi. Mate yalimjaa Ngui mdomoni, akayatema. Akawasha tochi, akang'oa vibanio kwenye nyaya, akavibana kwenye paja la ng'ombe. Viliteleza kwenye ute. Nyama ilikuwa na joto. Ilijikaza chini ya kidole chake, taratibu, kama shavu la mtu anayetafuna.

"Mzee... hii ng'ombe ulichinja wewe?"

"Mwenyewe," Taib alinong'ona. "Nilisema bismillahi, nikapitisha kisu. Damu haikutoka. Hata tone."

"Na bado ukaitundika?"

"Wageni mia nne, Ngui!"

"Ilitoka wapi?"

"Mama mmoja, kule Uthiru. Simjui. Alinipa kamba mkononi, akasema hongera ya harusi."

"Tuichome. Yote. Saa hii."

Akaving'oa vibanio, vikaning'inia hewani. Sindano ikarudi sufuri.

Halafu ikaanza kupanda.

Ngazi zililia. Salme alikuwa anashuka na chemli, akijifuta mafuta mdomoni kwa mgongo wa mkono.

"Baba, wapishi wanataka nyama zaidi. Ile ya kuonja nimeimaliza."

Kila ngazi aliyoshuka, sindano ilipanda.

"Mbona mwanitazama hivyo?"

Salme akafunga mdomo.

Taya lake likaendelea kutafuna.