Makufuli Mawili ya Chumba cha Tano

Vidole ndivyo vilivyoonekana kwanza. Vilichungulia chini ya mlango wa chumba cha tano, na mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa nje.

Ufunguo wa akiba uligoma. Kufuli likakatwa, mlango ukafunguka nusu tu, maana mgeni wa chumba hicho, Revocatus, alikuwa amelala nyuma yake. Alikuwa amekufa tangu jana.

Inspekta Nkwabi wa Mwanza alijipenyeza ndani, tumbo likitangulia kama kawaida yake. Hakuona damu wala jeraha. Shuka lilikuwa limekauka jasho. Mezani palikuwa na pakiti ya klorokwini, dawa ya malaria, glasi tupu, na kufuli lililogongwa maandishi: TM 5.

TM ni Tulia Msafiri, gesti za bei nafuu zilizochipuka enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru: moja Mwanza, moja Shinyanga, moja Musoma. Bosi mmoja, mapazia ya kijani yale yale, na kunguni nao, kwa walivyofanana, bila shaka walikuwa wa ukoo mmoja. Revocatus, mchuuzi wa dawa za jumla, alizipenda. Kila mji alichukua chumba cha tano, akisema hata akiwa usingizini anajua choo kiko wapi.

"Nani alimwona mwisho?"

"Mimi, afande," alisema Gladness wa mapokezi. "Juzi aliingia anatetemeka. Jana nikaona kufuli nje, nikajua kaenda kwenye maduka yake."

"Hukugonga?"

"Kufuli likiwa nje, mgeni hayupo. Nimgongee nani, afande?"

"Chumba hiki kina makufuli mangapi?"

"Moja."

"Moja liko mezani. Hili lililokatwa?"

Nalo lilikuwa limegongwa TM 5. Makufuli yote ya gesti yalikuwa chini ya Gladness.

Akapelekwa mahabusu. Mtoto wake, anayenyonya, akabaki kwa jirani kule Mabatini.

Alasiri daktari alimaliza kupasua maiti. "Hakuna sumu. Malaria ilimpanda kichwani. Angefikishwa hospitali mapema, angepona."

"Lakini alimeza dawa, daktari."

"Alimeza chokaa. Vidonge hivi mwalimu angeandikia ubaoni."

Nkwabi akarudi mahabusu. Kifua cha Gladness kilikuwa kimelowa maziwa. Inspekta akaangalia pembeni.

"Binti, haya makufuli yalitoka wapi?"

"Bosi aliyanunua kwa mkupuo. Kila gesti ina namba zake, kuanzia moja."

"Kwa hiyo Shinyanga kuna tano, na Musoma kuna tano."

Alipiga simu Shinyanga: lao lilikuwepo. Kule Musoma mtu alicheka. "La tano limepotea, afande. Tunafunga kwa waya."

Kesho yake Nkwabi alikuwa Musoma. Mhudumu wa vyumba, Aoko, alikuwa uani akifua mashuka, kichwa kimenyolewa upara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefiwa?"

"Nimefiwa na Otuoma wangu."

"Pole sana. Alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa ameanza kunikimbia nikimwita kuoga."

Nkwabi akachuchumaa kando ya beseni, magoti yakalalamika. "Kufuli la chumba cha tano liko wapi?"

"Sijui makufuli mimi."

"Aoko, kule Mwanza nimemfungia mama mmoja kwa ajili ya kufuli hilo. Ana mtoto mchanga."

Mikono ikasimama ndani ya povu. "Ananyonya?"

"Ananyonya."

Alilikamua shuka mpaka likaisha maji.

"Mwanangu aliugua malaria. Revocatus akanipa vidonge. Bure, baba, kwa huruma tu. Nikampa Otuoma vyote, kama nilivyoelekezwa. Hata homa haikupungua."

"Halafu?"

"Leo siku ya tatu, Revocatus alipita hapa anatetemeka. Nilijificha stoo. Alipopanda basi la Mwanza, kesho yake nikamfuata na kufuli. Nilitaka naye abaki na homa na vidonge vyake, asipate pa kutokea."

"Alikufungulia mwenyewe?"

"Alifurahi kuniona. Akasema, Mama Otuoma, Mungu kakuleta, hebu nipe dawa zangu kwenye begi. Nikampa." Akainua macho. "Mtu anayejua anauza dawa bandia angezimeza?"

"Asingezimeza."

"Alizimeza. Akanishukuru. Akauliza Otuoma hajambo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema hajambo. Nikatoka, nikafunga."

Nkwabi alizoea wauaji wanaokana. Huyu alimshinda. Pingu zilikuwa mfukoni, na mkono wake ulikataa kuzitafuta.

Aoko akaanika shuka, akalinyoosha pembe zote, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Yule mama wa Mwanza, ukipiga simu sasa, anatoka leo?"

"Anatoka leo."

"Basi piga kwanza, baba. Mimi nakusubiri hapa."