Hema la Intisar, Nguzo za Talha

Soko la Kongowea halina adabu siku marobota mapya ya mitumba yanapofunguliwa. Watu hupigana vikumbo, na wachuuzi hunadi mpaka koo zinawakauka. Katikati ya zogo hilo Intisar aliona hema la kijani limekunjwa, akalishika upande mmoja. Upande wa pili ulishikwa na mtu mwingine.

"Kaka, wanivutia hema langu."

"Langu, bibiye. Nguzo zake ninazo hapa." Kijana aliinua mfuko mrefu. Fulana yake ya manjano ilikuwa imelowa jasho, na kichwani alivaa kofia ngumu ya baiskeli, kana kwamba hata sokoni kuna ajali.

Intisar alikuwa ndani ya buibui jeusi, na raba nyeupe zikichungulia chini. "Nguzo bila hema utazianikia nguo?"

"Na wewe hema bila nguzo utajifunika kama shuka?"

Hakuna aliyekubali kuachia. Intisar akaondoka na hema, kijana akaondoka na nguzo, na kila mmoja akaondoka na namba ya simu ya mwenzake.

Talha, yule kijana wa nguzo, alikuwa fundi wa baiskeli Likoni. Yeye na wenzake, wake kwa waume, walikuwa wakipanga kupanda vilima vya Shimba kwa baiskeli na kupiga kambi huko juu. Intisar, fundi cherehani wa Bombolulu, aliingia katika mpango huo na pia katika moyo wa Talha. Alimshonea mifuko ya kufunga kwenye baiskeli. Kila jioni baada ya Magharibi simu ililia.

"Mpenzi, leo umefanya mazoezi?" Talha huuliza.

"Nimepanda daraja la Nyali mpaka mapaja yananitukana."

"Daraja tu? Ngoja tupite Kombani, njia ianze kupanda."

"Utanisukuma."

"Na mizigo yangu je?"

"Si wasema wanipenda?"

"Nakupenda tambarare. Mlimani tutaangalia."

Intisar alicheka mpaka akajichoma sindano. Jioni moja, lakini, Talha alikuja na neno jingine.

"Wenzetu wameahirisha kwa ajili ya mvua. Mimi siwezi kungoja. Twende wawili tu?"

Intisar akanyamaza. Moyo wake ulitaka kwenda, ulitaka sana. Lakini kulala kambini na mwanamume asiye mumewe, tena wawili peke yao, hilo halikuwezekana. Alikuwa bado anatafuta namna ya kukataa bila kumuumiza, aliposikia Talha akicheka kwa furaha na kumtakia usiku mwema.

Huku pwani, msichana akiposwa huulizwa, na akinyamaza amekubali. Talha alikuzwa katika desturi hiyo, naye akakihesabu kimya kile kama alivyofundishwa. Akawatangazia wenzake wote. Ijumaa ilipofika, ami aliyemlea Intisar aliulizwa msikitini, mbele ya watu, kama ni kweli bintiye anakwenda kulala porini na fundi wa Likoni.

"Nani alikwambia nimekubali?" Intisar alimfokea kwenye simu.

"Ulinyamaza!"

"Kunyamaza ni kwa posa, Talha, si kwa safari! Umeniaibisha. Ami hasemi nami." Akakata.

Talha alipiga tena na tena, naye hakupokea. Kisha simu zikakoma, na hapo ndipo Intisar alipoumia zaidi. Mvua ilikwisha na jua likarudi. Kila baada ya Magharibi aliiweka simu juu ya cherehani, akashona akiiangalia. Alikitamani kile kicheko cha Talha mpaka chakula kikakosa ladha. Siku moja alilitandaza hema chumbani akaingia ndani. Bila nguzo lilimwangukia usoni, akalilia humo humo.

Jumapili moja, baada ya Alasiri, wazee wenye kanzu walikuja kutoka Likoni wakakaa na ami sebuleni.

"Intisar!"

"Abee, shangazi."

Shangazi Tumu aliingia na sinia la halua, udi na leso. Juu yake palikuwa na mfuko mrefu. "Na hiki nacho ni nini, mwanangu? Chalia kama vyuma."

Intisar aliujua mfuko ule, akaupokea kwa mikono miwili.

"Kijana amemwomba ami yako radhi msikitini, mbele ya wale wale walioisikia aibu ile. Ami hana neno tena. Sasa wewe, wamtaka au humtaka?"

Intisar aliinamisha kichwa, kimya. Shangazi alingoja kidogo, kisha akatoka na vigelegele.

Lakini Intisar alimjua mtu wake. Baada ya yaliyopita, hakuna kitu Talha alichokiogopa kama kimya. Akampigia.

"Intisar? Wazee wangali huko? Wamesemaje?"

Hakujibu.

"Nisamehe, mpenzi. Sema lolote. Kama hunitaki, sema nijue."

Hakujibu. Sebuleni vigelegele vilipanda tena, na Talha akavisikiliza.

"Intisar," aliuliza polepole, "kimya hiki ni cha posa, au cha safari?"

Intisar aliukumbatia mfuko wa nguzo, machozi yakimtiririka, na kwa furaha yake yote akazidi kunyamaza.