Jino Lisilouma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Benedicta alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaketi jikoni karibu na moto kunywa uji. Kilolo ni nchi ya baridi, na saa hizo ukungu huwa bado umelala juu ya mashamba ya njegere. Mwaka huo wa 1956 alikuwa darasa la nne, na mtihani wa kuingia shule ya kati ulikuwa umekaribia.

Asubuhi moja, alipoanza tu kunywa uji, alihisi kitu kinajaa chini ya taya, upande wa kushoto. Alipopapasa alikuta uvimbe mgumu kama yai la njiwa. Alipofika shuleni ulikuwa umepungua, lakini mchana, alipotafuna viazi vyake, ulirudi, tena kwa maumivu.

Benedicta aliogopa. Muhula uliopita mwenzao Lusia alivimba mashavu kwa matubwitubwi, na mwalimu akamrudisha nyumbani mpaka apone, asije akawaambukiza wengine. "Nikirudishwa sasa, mtihani utanipita," aliwaza. Basi akawa anajitanda khanga mpaka kidevuni, na chakula chake cha mchana anampa rafiki yake Apolonia.

"Mbona wewe huli?" Apolonia aliuliza.

"Nimeshiba."

Haikuwa kweli. Njaa ilimbana mpaka hesabu za ubaoni zikawa zinacheza machoni pake.

Jumapili, walipokuwa wakila baada ya misa, shangazi yake Rozalia, aliyekuwa akimlea, aliweka tonge chini.

"We Benedicta, hebu geuka nikuone. Umevimba nini hapo?"

"Jino, shangazi. Jino linauma."

Kesho yake shangazi alimpeleka zahanati ya misheni. Mganga wa pale, Bwana Timotheo, alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na haraka.

"Shikamoo, bwana mganga."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Jino."

"Lipi?"

Benedicta alionyesha gego la chini kwa kubahatisha. Bwana Timotheo aliligonga taratibu kwa kijiti cha chuma.

"Linauma hapa?"

"Ndiyo."

"Kwa nje naliona zima, lakini huenda limeoza kwenye mzizi. Uvimbe huu haunipendezi. Itabidi tuling'oe."

Akachukua koleo kutoka kwenye sufuria ya maji yaliyochemka. Shangazi akamshika Benedicta mabega. Koleo lilipofika midomoni, Benedicta alirudisha kichwa nyuma.

"Usiling'oe, bwana mganga! Haliumi! Jino haliumi kabisa!"

"Ee Mungu wangu!" shangazi alisema. "Sasa hapa tumefuata nini?"

Bwana Timotheo aliweka koleo mezani. "Mwache, mama. Haya mwanangu, sema yenyewe."

Benedicta alisema yote, huku akilia.

"Kumbe huvimba unapokula, halafu hupungua?"

"Ndiyo. Hata nikisikia harufu ya maharage, naanza kuhisi panajaa."

"Basi hayo si matubwitubwi." Bwana Timotheo alimgusa mbele ya sikio. "Mate hutengenezwa na tezi. Mbili kubwa ziko hapa, kulia na kushoto. Hizi ndizo huvimba kwa matubwitubwi. Nyingine mbili ziko chini ya taya, na nyingine chini ya ulimi. Ukiona chakula tu, zinaanza kazi. Mate hulainisha chakula na kuosha meno. Ukitafuna ugali muda mrefu, si unasikia utamu? Ni mate yameanza kuugeuza kuwa sukari. Sasa tezi hii ya chini ya taya hupitisha mate yake kwenye mrija mwembamba, yakatokea chini ya ulimi. Inua ulimi nione."

Alipapasa kwa kidole. "Naam. Kijiwe kimeziba njia."

Alimpa kipande cha limau anyonye. Uvimbe ulijaa mara moja, Benedicta akauma meno kwa maumivu. Bwana Timotheo akawa anakanda chini ya taya, akisukuma kuelekea mbele, polepole. Ghafla mate yakabubujika mdomoni, na kijiwe cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kikadondoka kwenye bakuli.

"Kimetoka?" shangazi aliuliza.

Benedicta alishika taya. Uvimbe ulikuwa unapungua. Akaanza kucheka kabla hajafuta machozi. Shangazi alitoa kiazi cha kuchemsha kwenye kikapu, naye akakiuma, akatafuna, akasubiri. Hakuna kilichojaa. Akauma tena, safari hii kipande kikubwa.

"Shule je, bwana mganga?" aliuliza.

"Hata leo mchana nenda. Kunywa maji mengi, na usugue meno kila siku. Lakini sikiliza hili. Mimi siwezi kuona yote yaliyo ndani ya mwili wa mtu. Mgonjwa ndiye hunionyesha njia kwa maneno yake. Leo uongo wako ungekupotezea jino zima, na kijiwe kingebaki palepale. Ukiumwa, sema mapema, na useme ilivyo."

"Nitasema, bwana mganga," Benedicta alijibu, mdomo umejaa kiazi.