Maji ya Gunia

Mnyororo wa pikipiki ulikatika katikati ya mteremko, ukajisokota kwenye gurudumu la nyuma, na pikipiki ikapinduka na mzigo wake wote. Getruda alirushwa kwenye nyasi. Nkwabi, dereva, alibaki chini ya chuma, mguu wa kulia umevunjika na damu inamtoka pajani.

Walikuwa wametoka Issenye alfajiri, wakakata njia porini kuwahi machimbo mapya ambako dhahabu ilikuwa imeibuka wiki hiyo. Walibeba kreti mbili za bia za Getruda zilizofunikwa gunia la katani, na dumu la maji la lita ishirini; vyote viliangukia nyasini bila kupasuka. Barafu huko hakuna. Wauza bia wote wa machimboni hufanya hivyo: unalowesha gunia, upepo unapita, chupa zinapoa. Mchimbaji aliyetoka shimoni hanunui bia ya moto hata umbembeleze vipi.

Getruda alimvuta Nkwabi hadi kwenye kivuli chembamba cha mgunga, akamfunga paja kwa kitenge. Simu haikushika mtandao.

"Watu watapita," Nkwabi alisema. Alikuwa Msukuma wa maneno machache, aliyefuata dhahabu akaishia kuendesha pikipiki. "Mwagia gunia, dada. Tumesimama, hakuna upepo. Bia itachemka."

"Na wewe?"

"Nipe kidogo tu."

Alimpa machache. Gunia akalimwagia mengi. Saa nne akalimwagia, saa tano tena. Ujinga gani huu? Lakini mtaji wake wote ulikuwa ndani ya zile kreti, na kila mara alijiambia watu wako karibu.

Saa saba dumu lilitoa matone. Kitenge kilikuwa kimelowa damu. Getruda alipanda ukingoni mwa korongo akaita mpaka sauti ikakauka, wala hakuna aliyeitika. Aliporudi alimkuta Nkwabi amefungua bia kwa meno. Aliinywa yote, akaitapika yote, akaanza kutetemeka kwenye joto lile.

"Maji, dada."

Getruda alilivuta gunia, akalikamua juu ya midomo ya Nkwabi. Yalitoka maji machafu, yana vumbi na nyuzi, kama vijiko viwili hivi. Akakamua tena mpaka viganja vikachubuka. Alilia kwa hasira, akijichukia mwenyewe.

Jua lilipoanza kushuka, ng'ombe walitokea ng'ambo ya korongo, na nyuma yao mchungaji mmoja mzee, Heche, ana kibuyu begani.

"Shikamoo baba! Maji!"

Heche alipiga magoti, akamimina. Maji yaliingia kinywani mwa Nkwabi, yakatoka pembeni. Akamimina tena. Kisha akamfumba macho kwa kidole gumba, akampa Getruda kibuyu. Getruda alikunywa, na aliona aibu kwa jinsi yalivyokuwa matamu.

Mzee alitazama huku na huku. "Mlisafiri bila maji?"

"Tulibeba lita ishirini."

"Mkayapeleka wapi?"

Getruda alilinyooshea kidole gunia.

"Tuliinywesha bia, baba."